Matukio 27 kwa mwaka ni mengi mno: kupanga kalenda ya idara ya wanawake

Swali: Shikamoo mama. Bwana Yesu asifiwe. Nimechaguliwa kuwa katibu wa idara ya wanawake usharikani kwetu, Kimara. Mchungaji anataka kalenda yetu ya 2027 kabla baraza la wazee halijakaa mwezi Novemba. Niliyoirithi ya mwaka huu ina matukio 27, na mpaka sasa tumefanya 11. Mengine yalisogezwa mpaka yakafa, mengine tulijikuta watu kumi na tano na sufuria la pilau la watu mia. Akina mama wanalalamika michango imezidi. Mwenyekiti wetu, ambaye ni mkubwa kwangu sana kiumri, anaona dawa ni kuongeza matukio yenye mvuto. Nianzie wapi, na matukio mangapi yanatosha?
— Katibu mpya, Kimara

Jibu: Marahaba mwanangu, asifiwe milele. Pole kwa kukabidhiwa daftari la mwenzio. Nimekuwa katibu miaka sita na mwenyekiti miaka minne, na kalenda yangu ya kwanza ilikuwa na matukio 32. Niliipiga mistari kwa rula, nikaipaka rangi, nikaibandika ukutani ofisini kwa mchungaji. Ilipofika Juni nilikuwa napita mbali na ukuta ule.

Idadi kwanza, maana ndiyo uliyoiuliza waziwazi: matukio makubwa manne kwa mwaka, na jambo dogo moja kila mwezi lisilo na mchango. Kubwa ni lile linalotaka mambo matatu kwa pamoja, yaani mchango, mgeni na chakula. Ukiona kwenye orodha yako jambo lenye hayo matatu, hata kama limeandikwa "semina fupi", lihesabu kuwa kubwa. Bila shaka kwenye hayo 27 utakuta makubwa kumi na zaidi yaliyojificha nyuma ya majina madogo.

Sasa pa kuanzia. Usianze kwa kuwauliza akina mama wanataka nini. Watataja vitu vizuri arobaini, na kila utakachokikata baadaye kitakuwa na mwenyewe. Nunua karatasi ya manila, chora miezi kumi na miwili, kisha chukua kalamu nyekundu uzibe siku ambazo si zenu. Watu wengi hupanga kwa kujaza, kisha wanashangaa kwa nini wanagongana na harusi, mvua na ada za shule. Wewe anza kwa kufuta. Siku zitakazobaki ndizo mtakazogawana.

Tuzibe pamoja hiyo 2027. Januari yote nyekundu, isipokuwa maombi ya kufungua mwaka, ambayo hayagharimu kitu. Mama aliyelipa ada, sare na daftari za watoto watatu hana hata nauli ya kuja kusikiliza hotuba ya malengo. Jumatano ya Majivu ni tarehe 10 Februari na Pasaka ni 28 Machi, kwa hiyo Kwaresma inakula Februari na Machi karibu yote. Usharika huwa una vipindi vyake vya katikati ya wiki wakati huo, msishindane navyo. Na mwaka huo mwezi wa Ramadhani unatarajiwa kuanza siku mbili tatu kabla ya Kwaresma, kutegemea mwezi kuandama, na Idi iwe karibu na tarehe 10 Machi. Labda utajiuliza Ramadhani inawahusu nini. Inawahusu sana. Nusu ya akina mama wako wana shemeji, mkwe au jirani wa ukuta mmoja anayefunga, na jioni wanaitwa kufuturu. Halafu wauza vyakula mnaowategemea kupika, wengi wao ratiba yao mwezi huo imegeuka kabisa.

Kisha masika. Machi mwishoni mpaka Mei hupangi jambo la nje, hukodi tenti, huiti mnenaji kutoka ng'ambo ya mji. Sisi tulipata somo letu Jumamosi moja ya mwisho wa Aprili. Mvua ilianza saa kumi alfajiri, Jangwani pakajaa maji, barabara ikafungwa, na mnenaji wetu alikuwa Upanga huku sisi tuko upande wa pili tukiwa na keki ya kilo tano. Mzee mmoja wa kanisa akahubiri badala yake. Alihubiri vizuri, Mungu ambariki, ila alihubiri juu ya utii wa wake, na nusu ya akina mama wakagundua ghafla kwamba mvua imepungua. Siku ya Mama Duniani, tarehe 9 Mei, inaangukia humo humo. Iacheni iwe ndani ya ibada ya Jumapili: wimbo, sala, kuwatambua bibi wa usharika, basi.

Zipo pia Jumamosi za harusi. Kwaresma watu hawaoi, kwa hiyo Pasaka ikipita milango inafunguka: vikao, kichenpati, sendofu, harusi yenyewe, na akina mama wako ndio kamati. Nenda kwa katibu wa usharika uombe daftari la ndoa zilizoandikishwa. Hutapata za mwaka mzima, ila utaona sura ya miezi. Kwetu tuligundua kwamba Jumamosi yoyote ya Septemba hadi mwanzoni mwa Desemba ni kama imeshauzwa. Ndiyo maana siku hizi nawashauri watu kutumia sikukuu za kitaifa na Jumapili mchana kuliko Jumamosi.

Desemba, baada ya tarehe 10, funga kitabu. Kimara mnaishi na wenyeji wa Kilimanjaro wengi, unajua mwenyewe stendi ya Magufuli pale Mbezi inavyokuwa wiki mbili kabla ya Krismasi. Waliobaki mjini wanavunja vikoba na kugawana hisa. Vikao vya vikoba hivyo vinakula jioni nyingi kuliko kanisa linavyojua, kwa hiyo waulize akina mama vikoba vyao vinakaa siku gani ya wiki kabla hujaiweka ibada yenu siku hiyo.

Baada ya hapo andika kwa kalamu ya bluu tarehe za dayosisi, jimbo na usharika: mavuno, kipaimara, kongamano la wanawake la ngazi ya juu, juma la uinjilisti, harambee ya ujenzi. Hizi huna mamlaka nazo, na zisipokufikia mapema zitakuja kama barua ya dharura mwezi Agosti. Zifuate sasa hivi. Na uliza kama kuna jubilei inayokuja. Wenzetu wa WAWATA, yaani Wanawake Wakatoliki Tanzania, waliounganishwa mwaka 1972, walipofika 2022 walijaa Uwanja wa Benjamin Mkapa kwa miaka 50 yao; jambo la namna ile haliingizwi kwenye kalenda mwaka lenyewe linapofanyika. Kama umoja wenu unakaribia miaka 25 au 40, mwaka wa kuanza kuzungumza ni huu.

Ukimaliza, manila yako itakuwa nyekundu na bluu kama bendera ya shule, na nafasi nyeupe zitakuwa chache. Usiogope. Manne yanaenea.

Mimi ningeanza na Siku ya Maombi ya Dunia, Ijumaa ya kwanza ya Machi, ambayo 2027 ni tarehe 5. Ndiyo, iko ndani ya Kwaresma, lakini ni ibada ya maombi, inakaa pale vizuri. Uzuri wake ni kwamba haianzi na ninyi. Imekuwa ya dunia nzima tangu 1927, kila mwaka wanawake wa nchi moja wanaandaa liturujia na wengine wote wanaisali. Ya 2026 iliandaliwa na wanawake wa Nigeria. Mnakutana na Waanglikana, Wamoraviani na wengine wa mtaani kwenu, gharama mnagawana, na mwenyeji huzunguka. Kama mwaka huo si zamu yenu, hiyo ni baraka. Nendeni mkae kwenye viti vya wenzenu kwa mara moja. Siku tatu baadaye ni Machi 8, Siku ya Wanawake Duniani. Akina mama wengi wataandamana na ofisi zao. Ninyi msifanye kitu.

La pili ni kongamano lenu wenyewe, na hilo ningeliweka Sabasaba. Tarehe 7 Julai 2027 ni Jumatano. Kipupwe, hakuna mvua, waajiriwa wako nyumbani, na hakuna harusi siku ya Jumatano. Mama wa sokoni hatakuja asubuhi kwa sababu sikukuu ni siku ya biashara, basi anzeni saa saba mchana na mmalize saa kumi na mbili. Barabara ya Kilwa siku hiyo huwa imejaa watu wa maonesho, lakini kwenu Kimara haiwagusi, isipokuwa mkimleta mnenaji kutoka Mbagala. Muwekeeni watoto chumba na mtu wa kuwaangalia. Hili la watoto ndilo linaloamua kama mama wa miaka 28 anakuja au haji. Hotuba haina nguvu hiyo.

La tatu ndilo ninalolipenda kuliko yote, nitakaa hapo kidogo. Ondoeni semina moja mweke siku ya afya. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na ni ugonjwa unaoonekana mapema kabla haujawa saratani, ukipimwa. Wanaohitaji zaidi kupimwa ni wenye miaka 30 hadi 50, yaani kwaya yenu yote ya akina mama. Ukienda hospitali ya saratani ya Ocean Road utawakuta wanawake waliofika wamechelewa, na wengine walikuwa wanahudhuria kila semina ya kanisa kuhusu ndoa. Siku hiyo hiyo mtu wa afya azungumze na wazazi juu ya chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani hiyo, kwa mabinti. Imekuwa ikitolewa nchini tangu 2018, na kuanzia 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Kuna mambo mawili watu hukosea. Kwanza, wote wanaiweka Oktoba, kwa sababu Oktoba ni mwezi wa saratani ya matiti na redio zote zinaimba hilo. Matokeo yake wauguzi wanaombwa na kila mtu. Ninyi ombeni Agosti au mwanzoni mwa Septemba, na barua kwa Mganga Mkuu wa Manispaa iende miezi miwili kabla, ikiwa na sahihi ya mchungaji na mhuri. Pili, wanapima halafu wanasahau. Mama akiambiwa "nenda hospitali kwa uchunguzi zaidi" anarudi nyumbani anakaa kimya, anaogopa, mume hajui. Kwa hiyo kwenye kalenda andika tarehe mbili: siku ya kupima, na siku nyingine wiki tatu baadaye ambapo mama wawili wanaoaminika kwa siri wanawasindikiza walioambiwa waende. Bila tarehe ya pili, msifanye ya kwanza. Mahali pa kupimia pawe na mlango unaofungwa. Vestri, kile chumba cha kuvalia majoho, inafaa; pazia la khanga ukumbini halifai.

La nne ni matendo ya huruma, mwisho wa Novemba. Najua desturi ni kapu la Krismasi: mchele, mafuta, sukari. Sina ugomvi nalo. Ila mjane mwenye watoto wa shule, kinachomkosesha usingizi si tarehe 25 Desemba, ni wiki ya pili ya Januari. Muulizeni kila mmoja kimya kimya ukubwa wa viatu na daftari ngapi, mnunue Kariakoo kabla msongamano wa Desemba haujaanza. Tulipobadilisha hivyo, mama mmoja aliniambia mwaka ule alikula ugali na mchicha Krismasi akiwa na amani kuliko miaka yote aliyokula pilau ya kanisa.

Utaniuliza juu ya kwenda mafungo nje ya mji, maana lazima yatatajwa kikaoni. Bagamoyo na Kibaha ni jirani, na tangu treni ya SGR ianze safari mwaka 2024 hata Morogoro si mbali tena. Ni jambo jema, ni ghali, na wanaokwenda ni walewale. Mwaka mmoja nenda, mmoja kaa. Na mwaka wa kwenda, mafungo yashike nafasi ya kongamano, yasiongezwe juu yake.

Kwa jambo dogo la kila mwezi sitasema mengi. Kama ibada yenu ni Alhamisi saa kumi jioni, fahamu kwamba umeshawaondoa wote wanaofanya kazi mjini, maana saa hiyo ndiyo kwanza wanafunga kompyuta na bado hawajagombania mwendokasi. Badilisheni: mwezi huu Alhamisi, mwezi ujao Jumapili baada ya ibada ya pili, nusu saa tu. Na kuna kundi hakuna kalenda niliyoona imelikumbuka: wadada wa kazi. Tunawaachia nyumba ili sisi tuje kumwabudu Mungu. Mwezi mmoja kati ya kumi na miwili, kaeni ninyi na watoto, waje wao.

Turudi kwenye manila, maana kuna kalamu ya tatu. Kila tukio kubwa lina tarehe yake, na lina tarehe ya kuanza kuandaliwa. Ya pili ndiyo ya muhimu, na ndiyo inayokosekana kwenye kalenda zote za kanisa nilizowahi kuziona. Kwa kongamano la Julai 7: mnenaji anaalikwa kwa barua kabla ya mwisho wa Machi, mpishi na ukumbi vinathibitishwa Mei, tangazo la kwanza kanisani ni Jumapili ya kwanza ya Juni. Kama tarehe ya kuanza imepita na hakuna aliyeanza, tukio limekufa siku ile, lifuteni kwa amani badala ya kulikimbiza wiki ya mwisho.

Na sare. Ah, sare. Kama mtashona, kitenge kinunuliwe chote siku moja duka moja, kwa sababu ukirudi Kariakoo baada ya wiki mbili utaambiwa mzigo umeisha na ulioingia una ua tofauti kidogo, na hilo "kidogo" litaonekana mpaka kwenye picha za harusi za wajukuu. Fundi apewe wiki sita na uambie watu ni wiki nne. Ila mimi kwa kweli ningesema sare moja idumu miaka mitatu. Kila mara mnapobadilisha kuna mama anayebaki nyumbani siku ya tukio akisema anaumwa kichwa. Haumwi. Hakuwa na hela ya kitenge, na aibu ya kukaa katikati ya rangi ya machungwa akiwa na gauni la bluu ni kubwa kuliko unavyodhani.

Fedha sasa, maana umesema wamechoka. Hawajachoka kutoa, wamechoka kushtukizwa. Fanya hesabu ya mwaka mara moja. Tuseme kongamano ni la akina mama 120 na sahani ya chakula pamoja na maji ni shilingi 7,000. Hapo tu ni 840,000. Weka shukrani na nauli ya mnenaji, mafuta ya jenereta, spika, unafika milioni moja na laki tatu. Fanya hivyo kwa yote manne. Tuseme jumla inakuja milioni tatu. Akina mama 100 wakitoa 3,000 kwa mwezi, miezi kumi, Februari hadi Novemba, hela imetosha. Januari na Desemba mnawaacha wapumue. Asiyeweza 3,000 atoe 1,000 au atoe mikono yake jikoni, na mweka hazina ndiye pekee anayejua nani yuko kundi gani. Kisha, na hapa msilegee, hakuna mchango mwingine wa idara mwaka mzima. Bahasha ya pili ikitokea hata mara moja, hawatawaamini mwaka unaofuata. Fedha ziingie kwenye namba ya idara yenye watia sahihi, si kwenye simu ya mtu, hata kama mtu huyo ni wewe.

Misiba haina kalenda. Acheni Jumapili mchana mbili nyeupe kabisa, moja Juni na moja Oktoba, ili tukio likigongana na msiba liwe na pa kukimbilia. Na kila tukio lipe jumuiya moja ilibebe kuanzia mwanzo mpaka kuosha sufuria. Jumuiya nne, matukio manne. Kamati kuu ikishika kila kitu, mwisho wa mwaka utakuta mmefanya kazi watu watano na wengine wote walikuwa wageni waalikwa kwenye idara yao.

Limebaki la mwenyekiti. Mwanangu, usiende kumpinga kikaoni, mbele ya watu, ukiwa na karatasi mpya iliyochapwa. Mtu mzima havuliwi kilemba hadharani. Nenda kwake siku ya kawaida jioni, usiende mikono mitupu, ubebe manila yenye nyekundu na bluu peke yake, na daftari la mahudhurio la mwaka huu. Msomee tu: tukio hili watu 90, hili watu 15, hili halikufanyika. Usitoe maoni. Kisha mpe kalamu umwombe yeye achague manne ya kuweka kwenye nafasi nyeupe. Atataka la tano. Usimkatalie; muulize linaanza kuandaliwa tarehe ngapi, na jumuiya gani italibeba.